Rimoti ya Vitufe Vitano

Dada mtu aliiweka rimoti juu ya meza ya fundi ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kama anayekabidhi kielelezo mahakamani. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule.

"Imekataa tena," alisema. "Au yeye ndiye aliyekataa. Wewe ndiye fundi, utaniambia."

Fundi huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume wa miaka hamsini na moja ambaye mtaa mzima unamwita Kitufe. Kibanda chake kina upana wa hatua tatu. Redio na televisheni hurekebisha pia, lakini rimoti ndizo zinazompa ugali wake wa kila siku, na zimejaa kwenye makasha ya viatu mpaka darini. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akizifungua, akisafisha raba zake kwa spiriti na kuzirudisha kwa wenyewe. Akiona kitufe kilivyolika, huweza kukwambia nyumba ile ina mtu asiyesikia vizuri au ina watu wawili wanaogombania chaneli.

Kitufe alifungua fundo, akaangalia kwanza skrubu mbili za mgongoni. Rimoti ilipokuja mara ya pili, alikuwa amedondosha tone la rangi ya kucha juu ya kila skrubu, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Bisibisi ikipita hapo, rangi hupasuka. Haikuwa imepasuka. Akafungua kifuniko cha betri. Zilikuwa zile zile, na kila moja bado ilikuwa na mstari mdogo wa kalamu alioupiga mwenyewe. Badala ya kufurahi, akavunjika moyo kidogo. Alitarajia kukuta mkono wa mtu.

Kisha akafanya kile anachofanya kwa kila rimoti inayoletwa. Aliilaza mezani, pua yake ikitazama mbele, akawasha kamera ya simu na kuielekeza kwenye kile kitaa kidogo cha puani. Mwanga wa rimoti hauonekani kwa macho ya mtu, lakini kamera ya simu huuona. Akabonyeza vitufe vyote vitano, kimoja baada ya kingine, na kwenye kioo cha simu kitaa kikameta mara tano, zambarau iliyopauka.

"Nzima," alisema.

"Una hakika?"

"Dada, hii ndiyo kazi yangu. Rimoti haina neno."

Dada alitoa daftari dogo kwenye mkoba. "Basi kama rimoti haina neno, mwenye neno ni nani?"

Hapo Kitufe alitambua alichokifanya mara mbili zilizopita bila kujua. Kila alipotamka kwamba rimoti ni nzima, alikuwa anatoa ushahidi dhidi ya mama yake.

Dada yake amekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, na waliozoea kuandika joto la wagonjwa kila baada ya saa nne hawawezi kuacha. Katika daftari lile aliandika mambo ya mama yao. Alimsomea mdogo wake bila kupandisha sauti. Jumanne: mama anabonyeza, televisheni haiwaki, anasema imeharibika, mimi nikibonyeza inawaka. Ijumaa: mama anasema anapunguza sauti, kumbe anaiongeza. Jumatatu: vilevile. Yalikuwa mambo kumi na moja, na tisa kati yake yalihusu rimoti. Mawili yaliyobaki ni kwamba mama alisahau jina la mtoto wa jirani, na kwamba miwani yake ilikutwa ndani ya jokofu.

"Jumamosi tutakuja, mimi na shemeji yako," alisema. "Tutakaa naye, tumwangalie. Makubaliano ni yake mwenyewe, sikumlazimisha mtu."

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka uliopita, presha ya macho ilipomlia sehemu kubwa ya uoni, mama alikubali mbele ya watoto wake wote wawili kwamba ataendelea kuishi peke yake nyumbani kwake kwa muda wote atakaoweza kujitegemea. Siku akili itakapoanza kumtoka, atahamia kwa binti yake bila ubishi. Ni mwanamke wa kauli moja. Kama Jumamosi ingeonekana kwamba hajui tena kuwasha televisheni yake, angefunga virago Jumapili.

Kitufe aliangalia mgongo wa dada yake ukiishia kwenye kona, na machale yakamcheza. Kuna namna hapa, alijiambia. Kwa nini rimoti inaharibika tu dada anapokuwapo? Na shemeji, je? Wiki mbili zilizopita alimkuta shemeji amepiga magoti sebuleni kwa mama, akipima kabati la nguo kwa futi ya mkanda. "Napima tu," shemeji alisema, akaikunja futi upesi na kuitia mfukoni. Mtu hapimi tu. Nyumba ile iko karibu na barabara, ina vyumba vitatu na dirisha kubwa la mbele ambapo mama alishonea watu nguo kwa miaka thelathini na mbili. Kitufe hakupenda kumfikiria dada yake hivyo, lakini alimfikiria hivyo mchana kutwa, huku akisafisha raba za wateja.

Jambo moja lilimkereketa zaidi. Ile rimoti aliitengeneza yeye.

Rimoti ya asili ilikuwa na vitufe arobaini na saba, vingine vidogo kama punje za mtama. Mama, ambaye sasa anaona vivuli na kingo tu, alikuwa akigusa kimoja bila kujua na televisheni inageuka bluu, au inazungumza lugha asiyoijua, na anakaa hivyo mpaka mtu aje. Kitufe aliichukua, akaifungua, akaondoa vitufe vyote isipokuwa vitano vya katikati vilivyopangwa msalaba. Kitufe cha kuwashia kilikuwa juu kabisa, pembeni, mahali pa ovyo. Alikiziba, na kwa uzi mwembamba wa shaba akaihamishia kazi yake kwenye kitufe cha katikati. Juu na chini ya kitufe hicho ni sauti, kushoto na kulia ni chaneli. Kisha akakata bamba kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, akafunika uso mzima, akapiga msasa kila pembe mpaka rimoti ikawa laini kama kipande cha sabuni.

Aliionea fahari kazi ile. Wateja waliiona, wakataka za wazazi wao, naye akatengeneza kama ishirini hivi. Wawili walirudi wakilalamika kwamba ina vituko. Mmoja wao, dereva mstaafu, alifoka kweli kweli. Kitufe aliipima kwa kamera, akamwambia ni nzima, akamshauri abonyeze bila hasira.

Ijumaa hakufungua kibanda. Saa sita mchana alibisha hodi kwa mama yake na sanduku la vifaa.

"Una nini leo?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Siku ya kazi hii."

"Nimekuja kuangalia soketi, Mama. Ile ya nyuma ya kabati. Dada alisema inatoa cheche."

"Dada yako alisema." Mama aliyarudia maneno hayo taratibu. "Haya, baba. Angalia."

Kitufe alisogeza kibao nyuma ya kiti cha mama, akaifungua soketi ambayo haikuwa na ubaya wowote, akakaa akiichokonoa kwa bisibisi. Alijiona mpuuzi. Miaka kumi na tisa katika kazi ile, na hakuwahi kumtazama mtu akitumia rimoti kwenye kiti chake. Rimoti alizijua zikiwa mezani.

Saa saba kasoro dakika tano mama alipapasa mkono wa kiti, akaikuta rimoti, akabonyeza katikati. Kimya. Hakuitikisa wala hakuifinya kwa nguvu kama watu wengi wafanyavyo. Aliiweka mapajani, akajifuta kidole kwa upindo wa gauni, akaiokota tena na kubonyeza pale pale. Televisheni ikawaka.

Kitufe aliacha kuchokonoa. Mkono ule ule, kidole kile kile, kitufe kile kile.

Taarifa ya habari ilianza, mama akasikiliza. Ulipofika wakati wa matangazo, ngoma na kelele zikajaa chumbani. Mama akaichukua rimoti akiwa ameegemeza mkono ubavuni, akabonyeza kupunguza. Sauti ikapanda. Akabonyeza tena. Ikapanda zaidi.

Alichokifanya mama baada ya hapo ndicho kilichomshtua mwanawe. Hakuiangalia televisheni. Aligeuza uso haraka kuelekea dirishani, kisha nyuma, kwake yeye, kama anayetaka kumfumania mtu.

Kitufe aliinuka, akazunguka kiti. Na hapo akakiona. Kitaa cha rimoti kilikuwa kinatazama nyuma. Mama alikuwa ameishika mkia mbele, pua ikielekea kwake. Mwale ulimpita ubavuni, ukagonga ukuta mweupe nyuma ya kiti, ukarudi mpaka kwenye televisheni. Na kwa kuwa rimoti ilikuwa imegeuka, kitufe cha kupunguza kilikuwa juu na cha kuongeza kilikuwa chini. Ile mara ya kwanza, wakati haikuwaka kabisa, bila shaka alikuwa ameielekeza tumboni mwake, kwenye gauni jeusi, na mwale ukafia pale.

"Mama, usiiweke chini. Ishike hivyo hivyo."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Umeishika kinyume tu."

"Kinyume cha nini?" mama aliuliza.

Kitufe aliichukua rimoti, akafumba macho, akaizungushazungusha mkononi kisha akajaribu kusema pua iko wapi. Akakosea. Akajaribu tena, akapatia. Mara ya tatu akakosea tena. Lile bamba alilolipiga msasa kwa siku mbili halikuwa na mbele wala nyuma. Vitufe vilikaa katikati barabara, umbali sawa kutoka kila upande. Mwenye macho angekiona kitaa. Asiyeona alikuwa anacheza bahati nasibu kila alipoiokota, na ikimwendea vibaya anaandikwa kwenye daftari.

Alimkumbuka yule dereva mstaafu, akaona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Ni mimi," alimwambia mama yake, na akamweleza yote, kitaa, ukuta na msalaba wa vitufe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapumua.

"Kwa hiyo hamna nyingine?"

"Nyingine ipi?"

"Rimoti nyingine. Mimi nilijua mna mbili. Mmoja wenu anasimama pale nje ya dirisha, mimi nikipunguza yeye anaongeza. Nilishasema, wamekaa wakaelewana hawa, wananitafutia sababu."

"Mama! Wewe kweli unaweza kufikiri mimi..."

"Umekuja kutengeneza soketi nzima," alisema mama. "Mimi sioni, lakini cheche nina pua ya kuzinusa. Nikasema, ehee, leo wamemtuma huyu."

Kitufe alicheka, lakini mama hakucheka. Kwa miezi minane, tangu amtengenezee rimoti ile, kila alipoingia na kumuuliza "Rimoti vipi, Mama?", mama alikuwa akijibu "Safi" huku akisikiliza mwanawe anatembea wapi.

"Nitakuchorea mshale," alisema. "Mweupe, mnene, unaoelekea mbele."

"Mshale nitauona kwa kisigino?"

"Basi nitabandika kitone cha gundi ngumu hapa juu, ukipapasa unakigusa."

"Kidole changu hakianzii juu. Kinaanzia pale rimoti inapokaa kiganjani." Mama alinyoosha mkono. "Lete hapa. Unajua kitambaa kisicho na uso, kile ambacho pande zote mbili ni sawasawa? Fundi nguo haanzi kukikata hivi hivi. Anapiga bandi kwanza, mshono mmoja mkubwa wa kushikiza tu, upande ule wa ndani. Sikuwa naangalia, hata nilipokuwa na macho. Mkono ndio unaojua. Niletee kile kipande cha suruali ya kazi kilicho kwenye droo ya kwanza, na sindano ya mkonge."

Kitufe alimtungia uzi sindano, kazi ya pekee aliyoruhusiwa. Mama aliuzungushia mkia wa rimoti kile kitambaa kigumu, akakishona kwa mishono minene mpaka kikawa kama soksi iliyobana, na mshono wake mkubwa ukapita katikati ya mgongo. Alijichoma mara mbili asiseme kitu. Alipomaliza aliitupa rimoti kwenye kochi, akaiokota bila kuangalia, kitambaa kikiwa kiganjani, dole gumba likaangukia kwenye kitufe cha katikati. Televisheni ikazimika. Akaitupa tena. Alifanya hivyo mara kumi na mbili, na Kitufe, ambaye aliona lazima ahesabu, hakuona kosa hata moja.

Jumamosi saa nne asubuhi dada alikuja na mumewe. Shemeji alikaa karibu na mlango, mikono magotini, kama mtu aliyeletwa kushuhudia na asiyetaka kuulizwa. Dada alilifungua daftari.

"Mama, niwashie televisheni."

Mama akawasha.

"Punguza sauti." Ikapungua. "Peleka chaneli mbele." Ikaenda.

Dada hakuandika. Alimgeukia mdogo wake. "Mmefanya mazoezi."

"Jana tu," Kitufe alisema. "Kosa lilikuwa kwenye rimoti, dada. Nilikosea mimi. Haikuwa na mbele."

"Juzi ilikuwa nzima. Ulinionyesha kwa simu. Leo ina kosa, na kosa lenyewe limeshapona." Aliinuka. "Mimi wagonjwa wananificha mambo kila siku, mdogo wangu. Wana watoto wanaowasaidia kuficha."

"Jaribu, basi."

Dada aliichukua rimoti kutoka mkononi mwa mama, akaiangalia ile soksi ya kitambaa kwa muda. Kisha akaigeuza, pua nyuma, akaisukumia chini ya mto wa kiti, upande wa kushoto, mkono ambao mama hakuzoea kuutumia. Shemeji alikohoa.

"Washa, Mama."

Mama alipapasa. Mkono wa kushoto ukaingia chini ya mto, ukatoka na rimoti ikiwa kinyume kama ilivyowekwa. Chumba kizima kiliona kidole chake kikifika kwenye bamba tupu, kikasita. Kidole kikarudi nyuma, kikatafuta, kikakosa kitambaa. Mama akaigeuza, akauminya mshono kiganjani, akabonyeza. Televisheni ikawaka. Akapunguza sauti mara mbili, polepole, huku uso wake ukimwelekea binti yake.

"Umeniwekea kinyume," alisema.

"Nilitaka kuona."

"Umeona?"

Dada alikaa. Alipekua daftari kutoka mwanzo, akapiga mstari kwenye Jumanne, kwenye Ijumaa, kwenye Jumatatu, na kuendelea hivyo mpaka akafuta tisa. Alikuwa anafuta kwa uangalifu, akitumia kalamu nyingine kama rula, kama anayesahihisha faili la mtu. Mawili yakabaki.

"Miwani kwenye jokofu," alisema.

"Nilikuwa natafuta maziwa, nikaivua kwa sababu ilipata ukungu," mama alisema. "Na yule mtoto wa jirani wamembadilisha jina. Waulize."

Hapo shemeji, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema kwa sauti ndogo, "Nilishapima kabati. Kule kwetu halipiti mlangoni." Hakuna aliyejua kama alikuwa anajitetea au anasikitika, na Kitufe, akimtazama, aliona kwamba angeendelea kutokujua.

"Unabaki," dada alimwambia mama hatimaye. "Lakini sijaridhika, nakwambia wazi. Wiki ijayo nitapita, siku sisemi."

"Pita. Ila ubishe hodi, na usimame mbele ya mlango, si dirishani."

"Dirishani nikafanye nini?"

"Hilo unalijua wewe," mama alisema, akawasindikiza hadi kizingitini akipapasa ukuta.

Walipotoka walisikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani, mara mbili. Walisimama barazani wote watatu, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Ndani, sauti ya televisheni ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikakaa juu.

"Hiyo ni makusudi?" shemeji aliuliza.

Dada aliutazama mlango uliofungwa. Kitufe naye aliutazama. Wote wawili walikuwa wametega sikio, na hakuna aliyekuwa tayari kuapa.